CT, MRI au altrasaundi ya kichwa: kipi kwanza mzee akipatwa na kiharusi?

Simu iliingia saa mbili kasorobo usiku, kutoka Ahero.

“Daktari, samahani kukusumbua. Mzee amepinda mdomo, mkono wa kushoto umelala tu, haushiki kitu. Ilianza saa kumi na mbili unusu akitoka kufunga ng’ombe. Hapa sentani kuna kliniki ya altrasaundi na bei yake si mbaya. Tumfanyie hiyo kwanza, halafu kesho tutafute pesa ya CT?”

“Hapana, ndugu yangu. Usiku huu huu mlete mjini, mahali penye CT, ile mashine ya eksirei inayopiga picha ya ndani ya kichwa.”

“Lakini si ni wewe unafanyaga altrasaundi ya kichwa?”

Ni mimi, ndiyo. Sio daktari, ila Kisumu ukishavaa koti jeupe jina ni hilo na nimechoka kulisahihisha. Kazi yangu ni kushika probu kutwa, kile kifaa cha altrasaundi kinachoegemezwa mwilini: matumbo ya akina mama, shingo, moyo, na mara kadhaa kwa wiki kichwa. Altrasaundi ndiyo inayonilisha. Kwa hiyo ninapomwambia mtu asianze nayo, aelewe kwamba sisemi hivyo kwa kuionea wivu mashine ya jirani.

Swali la yule kijana nimelisikia kwa sura nyingi, Nakuru nilikofanyia kazi miaka ya mwanzo na hapa pia. Watu huviweka vipimo hivi vitatu kwenye mstari mmoja kama ukubwa wa gunia la mkaa: kidogo, cha kati, kikubwa, kila mtu achukue kinacholingana na mfuko wake. Havifanani hivyo. Kila kimoja kinajibu swali lake, na ukikiuliza swali la mwenzake utalipa hela upewe jibu lisilokusaidia.

Saa za kwanza: je, ni damu iliyovuja au mshipa ulioziba?

Kiharusi ni viwili. Kimoja ni cha mshipa kuziba, damu haifiki sehemu fulani ya ubongo. Kingine ni cha mshipa kupasuka, damu ikamwagika ndani. Kwa nje vinafanana kama mapacha: mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kuvurugika. Nimewaona madaktari wa miaka mingi wakikisia kwa macho na kukosea. Na matibabu yake yanakwenda njia mbili tofauti kabisa. Aliyeziba anaweza kupewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu, mradi iingie mwilini ndani ya saa 4 na dakika 30 tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Ukimpa dawa hiyo hiyo aliyepasukiwa na mshipa, unaweza kumuua.

Ulimwenguni kiharusi cha kuziba ndicho kingi. Afrika kusini mwa Sahara, kile cha kuvuja kina fungu kubwa kuliko Ulaya, na sababu yake kubwa tunaijua sote: presha ambayo mtu hajui anayo, au anajua lakini dawa aliacha alipojisikia nafuu. Ndiyo maana kubahatisha hapa kwetu ni hatari maradufu.

Swali hili CT hulijibu ndani ya dakika chache. Mgonjwa analala, meza inaingia kwenye duara, inatoka. Damu mbichi huonekana nyeupe kwenye picha, nyeupe ambayo hata daktari mwanafunzi aliyekesha ataiona saa tisa usiku. Udhaifu wa CT uko upande wa pili: kiharusi cha kuziba, katika saa za mwanzo, picha inaweza kutoka safi kabisa kana kwamba mtu hana neno. Jamaa huona hivyo wakanung’unika kwamba wamelipia picha isiyoonyesha ugonjwa. Sivyo. “Hakuna damu” ndilo jibu mliloendea.

Altrasaundi, kwa swali hili, haifai kutegemewa. Mtu mzoefu mwenye mashine nzuri anaweza kuona damu nyingi iliyokaa mahali pazuri. Lakini asipoiona, huko kutoiona hakuthibitishi chochote, na hapo ndipo dawa ya kuyeyusha ingetolewa kwa kubahatisha. Wajerumani wa mji wa Homburg walipotaka kumfikia mgonjwa haraka, mwaka 2008 walianza kutumia gari la wagonjwa lililofungwa CT ndani yake. Mashine nzito, ghali, ndani ya gari! Kama altrasaundi ya mkononi ingetosha kuamua, wasingejisumbua.

Basi kwa mgonjwa mpya, chaguo ni moja: CT iliyo karibu na inayofanya kazi usiku huo. Neno “inayofanya kazi” nimeliweka makusudi. Mashine huharibika, stima hupotea, na kuna usiku mpiga picha yuko zamu lakini hakuna wa kuisoma picha. Anayetoka Bondo, Mbita au Muhoroni kuja Kisumu, au anayeshuka kutoka Molo kwenda Nakuru, apige simu akiwa tayari ndani ya gari, asisubiri jibu akiwa amekaa sebuleni. Aulize mambo matatu: CT inapiga sasa hivi? Nani ataisoma usiku huu? Dawa ya kuyeyusha damu ipo? Jibu la swali la tatu likiwa “hapana”, bado mlete. Kujua ni damu au si damu kunabadilisha presha ishushwe kiasi gani, na kama aspirini itaanzwa au itakatazwa.

Mambo mawili kabla ya kuondoka nyumbani. Kama jirani ana kile kimashine cha sukari cha kudunga kidole, mpime. Sukari ikishuka sana humfanya mtu alegee upande mmoja mfano halisi wa kiharusi, na hilo zahanati yoyote inalitibu papo hapo. Pili, msimpe chochote mdomoni: si uji, si maji, si aspirini. Koo lililopooza hupeleka uji kwenye mapafu.

Yule mzee wa Ahero alifika saa tatu na robo. CT ilionyesha damu upande wa kulia, ndani kabisa, ukubwa wa ndimu. Mwanawe alipokuwa akitafuta kitambulisho cha baba mfukoni, kilitoka na karatasi ya aspirini aliyonunua dukani njiani. Vidonge vyote vilikuwa bado vimo. Aliniangalia, akairudisha mfukoni pole pole.

Kwa nini kichwa si tumbo

Watu huniuliza: mbona mtoto tumboni mnamwona hadi vidole, na ubongo wa mtu mzima hamwuoni? Jibu ni mfupa. Altrasaundi ni sauti, na fuvu hula sauti. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilidhaniwa mishipa iliyo ndani ya fuvu la mtu mzima haipimiki kwa njia hii. Mwaka 1982 Rune Aaslid na wenzake wakaonyesha kwamba ukitumia mawimbi ya masafa ya chini, megahezi 2, na kuyapitisha kwenye panja, pale juu ya shavu kati ya jicho na sikio ambapo mfupa ni mwembamba, unaweza kusikia damu ikikimbia kwenye mishipa mikubwa ya ubongo.

Nasema kusikia kwa sababu ndivyo ilivyo. Napaka jeli panjani, naegemeza probu, naizungusha kwa upole kama anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Mara kelele tupu, mara kimya, halafu ghafla: fwaa, fwaa, fwaa. Kwenye kioo vinatokea vilima, kimoja kwa kila pigo la moyo, na namba ya kasi. Mshipa wa kati wa ubongo wa mtu mzima huenda wastani wa sentimita 55 hivi kwa sekunde. Ikiwa mshipa umeziba, sauti haipo au ni ya kunyong’onyea. Ikiwa umebanwa, damu hulazimika kukimbia, kama maji ya mpira ukiuziba mdomo kwa kidole gumba.

Utaona basi kwamba kipimo hiki hakionyeshi ubongo. Kinaonyesha mwendo wa damu. Huo ndio udhaifu wake wote na ndiyo nguvu yake yote.

Kuna kikwazo kingine ambacho wauzaji wa mashine hawakitaji. Kati ya watu 100, kumi hadi ishirini panja zao hazipitishi sauti vya kutosha. Hali hiyo hutokea zaidi kwa wanawake wazee, na kwa watu wenye asili ya Afrika na Asia kuliko Wazungu. Nimewahi kuhangaika dakika ishirini na bibi mmoja wa Vihiga, jeli imefika hadi kwenye kitambaa chake cha kichwa, nisisikie hata mnong’ono. “Mjukuu wangu,” akaniambia, “labda hakuna kitu humo ndani.” Tulicheka, lakini alikuwa amekuja kutoka mbali.

Na si kila mashine. Probu ya tumbo haikutengenezewa panja, na ile ya shingo ina masafa ya juu mno kupenya mfupa. Inatakiwa probu ndogo ya moyo au mashine maalumu ya kichwa, na mtu aliyefunzwa. Kliniki ikikwambia inafanya altrasaundi ya kichwa cha mtu mzima, uliza: mnatumia probu gani? Wakisita, nenda zako. Mtoto mchanga ni habari nyingine: utosi wake bado haujafunga, sauti inapita bila shida, na ubongo wenyewe unaonekana. Kwake altrasaundi ndiyo ya kwanza, wala usikubali kuharakishwa kwenye CT na mionzi yake pasipo sababu.

MRI inaingilia wapi

Kwa ufupi: MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, ndiyo yenye macho makali kuliko zote. Kiharusi cha kuziba inaweza kukiona dakika chache baada ya kutokea, na viharusi vidogo vya nyuma ya kichwa, vile vya kizunguzungu na kuyumba ambavyo CT huvipita, yenyewe huvikamata. Kuna mgonjwa mmoja ambaye inamfaa mapema: aliyelala mzima akaamka amepooza. Huyu saa yake inahesabiwa tangu alipoingia kitandani, kwa hiyo kwa kawaida amechelewa. MRI inaweza kudokeza kwamba jeraha bado ni bichi na dawa ikafikiriwa.

Lakini inachukua nusu saa au zaidi, ina kelele za kumtia wazimu mtu aliyechanganyikiwa, haimtaki mwenye vyuma fulani mwilini, na haipo kila mji. Ukiwa na CT hapo ulipo, usiiache ukasafiri kwenda kutafuta MRI usiku wa kwanza. Itasubiri.

Siku zinazofuata: hapa mizani inageuka

Baada ya usiku wa kwanza swali linabadilika. Sasa ni: mtiririko ukoje, unabadilika, na chanzo kilikuwa nini? Hapa CT inaanza kuchosha na altrasaundi inaamka.

Fikiria maana ya kumpeleka mgonjwa mahututi CT kwa mara ya tatu. Mtungi wa oksijeni juu ya kitanda, wauguzi wawili wameacha wodi, lifti imekwama, mnazunguka kwa njia ya magari, mvua ya Kisumu inanyesha kama ilivyozoea kunyesha alasiri. Altrasaundi mimi huisukuma mpaka kitandani. Naweza kuirudia kesho na keshokutwa, haina mionzi, haihitaji dawa ya rangi kwenye mshipa. Kwa mgonjwa aliyevuja damu chini ya utando wa ubongo kwa kupasuka uvimbe wa mshipa, siku ya 4 hadi ya 14 ndizo za hofu, maana mishipa hujikunja na kubana. Kasi ikivuka 120 tunashtuka, ikivuka 200 daktari anaitwa nikiwa bado nimeshika probu. Panja likikubali, naweza pia kukadiria kama ubongo umeanza kusukumwa upande mmoja na uvimbe.

Bado hali ikibadilika ghafla, mgonjwa akazidi kusinzia au mboni moja ya jicho ikapanuka, anarudi CT. Altrasaundi hapo ni king’ora tu.

Kutafuta chanzo ni habari ya shingo, na shingo haina fuvu. Mishipa miwili mikubwa ya pembeni huonekana vizuri sana kwa altrasaundi, hata kwa mashine ya kawaida yenye probu ya shingo, na kipimo hiki ni sehemu ndogo ya bei ya CT ya mishipa. Mtu aliyepata kiharusi cha kupita, mkono ulilegea dakika kumi ukarudi, asijipongeze akaenda shambani. Akishapigwa CT na kuonwa na daktari, apimwe shingo siku hiyo au kesho yake. Mshipa ukiwa umebanwa asilimia 70 au zaidi upande unaohusika, upasuaji wa kuusafisha huzungumzwa, na faida yake ni kubwa ukifanywa mapema. Moyo nao upimwe kwa altrasaundi, hasa kwa vijana. Huku kwetu valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni bado zinarusha mabonge ubongoni.

CT ya mishipa inashinda pale mtu anapohitaji kuonyeshwa njia yote, kutoka moyoni hadi ndani ya kichwa, kwa picha moja. Ila inataka dawa ya rangi, na mwenye figo mbovu daktari atasita. Huyo, altrasaundi ya shingo na kichwa kwa pamoja ndiyo njia yake ya kawaida, na mimi naona haimpunguzii heshima.

Neno la pembeni kwa anayetangaziwa altrasaundi ya “kuyeyusha damu kichwani”. Wazo si la kipuuzi. Mwaka 2004 utafiti mdogo ulionyesha kwamba mawimbi yakielekezwa kwenye bonge pamoja na dawa, mshipa hufunguka zaidi. Jaribio kubwa lililofuata, la kofia maalumu, halikuonyesha kwamba wagonjwa walipona vizuri zaidi. Basi ukikuta kliniki inauza huduma hiyo kijijini, hela yako itumie kwa nauli ya kwenda hospitali.

Na kuhusu hela: bima ya afya ya serikali, SHA, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, na bado watu hufika dirishani wakiwa na kadi ya zamani. Hakikisha umejisajili kabla ya ugonjwa, na uliza kituo kama kipimo hicho hasa kinalipiwa pale. Usiridhike na jibu kwamba “tunakubali SHA”.

Pale altrasaundi haina mpinzani

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linalonifanya nisiihame kazi hii. Kanda ya ziwa, kutoka Busia na Siaya mpaka Homa Bay, ina watoto wengi wenye ugonjwa wa damu wa kurithi uitwao selimundu, au sikoseli kama akina mama wengi wanavyouita. Ni urithi wa malaria. Aliyebeba nusu ya kasoro hiyo hulindwa dhidi ya malaria kali, na hivyo ikazidi kurithishwa mahali penye mbu. Aliyerithi pande zote mbili ndiye mgonjwa. Na mtoto wa sikoseli anaweza kupata kiharusi akiwa na miaka mitano, sita, bila presha, bila sigara, bila lolote tunalomlaumia mzee.

Hapa CT na MRI huja baada ya ajali. Altrasaundi huja kabla. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watoto 130 waliokuwa na kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi kwenye mishipa ya ubongo. Waliowekewa damu mara kwa mara, viharusi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90 wakilinganishwa na wenzao. Wasiotibiwa, karibu mmoja kati ya kumi alikuwa akipatwa kila mwaka. Tangu hapo mwongozo ni kupima kila mwaka, umri wa miaka 2 hadi 16. Chini ya 170, sawa. 170 hadi 199, tahadhari. 200 kwenda juu, tibu. Kuongezewa damu kila mwezi kwetu ni mlima, benki za damu zenyewe mnazijua, lakini kuna haidroksiyurea, kidonge kinachonywewa nyumbani, na majaribio yaliyofanywa kaskazini mwa Nijeria yameonyesha kinaweza kutumika kuzuia kiharusi mahali ambapo damu ni haba.

Sijui chaguo lingine katika habari yote ya kiharusi lililo rahisi hivi. Mzazi wa mtoto wa sikoseli asiulize CT au MRI. Aulize: ni wapi wanapima kasi ya damu ya kichwa, na miadi ni lini? Waanzie kliniki ya sikoseli ya hospitali kubwa ya kaunti. Na panja za watoto, tofauti na za yule bibi wa Vihiga, kwa kawaida zinapitisha sauti vizuri.

Kuna masharti ya siku ya kipimo ambayo si kila mtu huelezwa. Mtoto aje akiwa mzima, si katikati ya homa wala mara tu baada ya kuongezewa damu, maana namba itadanganya. Awe macho, kwa sababu akisinzia kasi hupanda. Asilie. Mimi huwapa simu yangu yenye katuni, nikaegemeza probu wakiwa wanacheka.

Alhamisi iliyopita nilikuwa na mvulana wa miaka saba kutoka upande wa Ugunja, mtulivu, amevaa sweta ya shule juani. Kulia 161. Kushoto nilizungusha probu mara tatu ili niwe na uhakika: 184. Mama yake alikuwa akiangalia uso wangu, si kioo. Nikamwandikia arudi baada ya miezi mitatu, na barua ya kuingia kwa daktari siku hiyo hiyo, mlango wa pili kushoto.

“Mama,” mtoto akauliza wakitoka, “ile sauti ilikuwa ya nini?”